Mkono wa Kahindo

Jumanne iliyopita niliosha vibanda vya sungura mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na hata kabla ya mara ya kwanza vilikuwa tayari safi. Muuza makala, yaani makaa, alikuwa ameniambia kwamba Kahindo amerudi Goma, amefikia kwa shangazi yake huko Katindo, na amesema atapita Mabanga kumwona Odette na tusungura twake. Odette ni mimi. Nilibadilisha nyasi. Nikabadilisha kitenge. Nikachemsha chai, nikaimwaga kwa kuwa tangawizi ilizidi, nikachemsha nyingine. Mtu angefikiri nangojea mkaguzi wa serikali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangojea mwanamke niliyemwonea wivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na ambaye nilimtendea jambo asilolijua. Kwa miaka hii yote nimekuwa nikimsimulia jambo hilo kichwani mwangu, kwa maneno mazuri yaliyopangwa, huku nikikata majani. Jumanne maneno yote yalinikimbia, nikabaki na kitambaa chenye maji mkononi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza na volkano ukaisha na vita vya Bunagana, mpakani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nakaa peke yangu katika chumba kimoja cha mbao ndani ya parsele ya watu wengi, kiwanja chenye nyumba nne na choo kimoja. Nyuma ya chumba changu, juu ya mawe meusi ya volkano ya zamani, nilikuwa na vibanda kumi na viwili nilivyovigonga misumari mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha kufuga. Nilijifunza kutoka kitabu kimoja cha Kifaransa kilichotolewa fotokopi mara nyingi hadi picha zake zikawa madoa meusi, na nikajua ini la sungura liko wapi kwa kukisia doa. Kila sungura alikuwa na ukurasa wake katika kaye, daftari langu: siku aliyozaliwa, uzito wake wa kila Jumamosi, alichokula, alichobakiza. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa na kuunakili upya wote. Vyombo vya kunyweshea nilivisugua kwa javel, maji makali ya kuulia vijidudu, hadi vidole vikachubuka. Niliogopa uchafu, niliogopa kucheleweshwa, niliogopa watu kunicheka kwamba sikumaliza shule, na niliamini kwamba nikifanya kila kitu sawasawa bila kuacha hata kimoja, hofu itaondoka. Haikuondoka, lakini vibanda vyangu viling'aa.

Hofu kubwa kuliko zote ilikuwa maji. Upande wetu tulichota Kituku, ufukoni mwa ziwa, kati ya mitumbwi na akina mama wanaouza sambaza, samaki wadogo kama dagaa, na hapo husimama watu wa kloro. Unapopita na bidoni yako, dumu la maji, mtu wa kloro anaingiza dawa kwa bomba la sindano, kwa ajili ya kipindupindu, ndipo unapanda nayo nyumbani. Kila mtu anapewa sindano moja. Mimi niliomba ya pili. Papa wa kloro alinizoea, na kila akiniona alipaza sauti ili foleni nzima isikie.

"Huyu binti amekuja! Weye, unataka kunywa hii maji ao unataka kuifulia?"

"Ongeza tu, papa."

"Sungura zako zitakuwa nyeupe zote, utaona!"

Watu walicheka. Mimi nilipanda kilima na bidoni yangu yenye harufu kali, nikijiona kwamba ni mimi peke yangu katika mji huu wote ninayejua kulinda mnyama.

Kahindo nilimfahamu kidogo tu kabla ya volkano. Tulikuwa katika kikundi kimoja cha wafugaji wa sungura. Alikaa Buhene, alifuga ovyo ovyo, hakuandika chochote, na alikuwa na sungura jike mmoja mkubwa wa kijivu aliyemwita Madame. Jumamosi ile moto uliposhuka kutoka mlimani, nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizomezwa. Jumapili asubuhi niliamka nikamkuta mlangoni pangu, miguu myeupe kwa vumbi, kitenge kimefungwa kifuani kama mwenye mtoto mchanga. Akakifungua kidogo, nikaona masikio mawili ya kijivu.

"Njiani batu walinipisha," alisema. "Mama mumoja akaniambia, nyonyesha mutoto, ana njaa. Nikamwambia, huyu mama, akinyonya ataniuma." Akacheka, kisha akaketi kwenye kizingiti akalia, Madame akiwa bado kifuani, ametulia kabisa.

Nilimpokea. Nataka hili liandikwe pia, kwa sababu ni kweli: nilimpokea kwa moyo wote, nikampa nusu ya kitanda. Wivu haukuja siku hiyo. Ulikuja siku chache baadaye, tulipoamriwa sote kuhama mji kwa sababu ardhi ilikuwa bado inatetemeka, tukatembea hadi Sake katika mto wa watu na magodoro. Sungura wangu niliwafungasha kwa utaratibu, kila wawili katika kikapu chao, vikapu vimefunikwa vizuri wasipate vumbi. Niliwafunika vizuri mno. Tulipofika, majike wawili walikuwa wamekufa kwa joto. Madame, aliyesafiri kifuani kwa Kahindo kama mzigo wa kawaida, alizaa usiku uleule chini ya dawati, ndani ya darasa tulilolala watu arobaini, kitoto baada ya kitoto, hadi wanane, na wote wanane waliishi. Asubuhi wanawake wa darasa zima walipita kuwatazama. Mimi nilikuwa nimekaa kando na kikapu changu kimoja kitupu, nikasikia mmoja akisema, "Huyu binti iko na mukono," yaani mkono ule ambao kitu kikiguswa nao kinakua. Hapo ndipo kitu kiliniuma upande wa kushoto, chini ya mbavu, na hakikuacha kuniuma mwaka mzima.

Tuliporudi Mabanga, Kahindo alipata pa kulala katika nyumba nyingine ya parsele, akajenga vibanda vyake kwa mbao za kuokota, vikiegemea ukuta wangu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na kila neno la nje lilifika kitandani. Nilimsikia akiongea na sungura wake kwa Kinande, akiwaimbia, akiwagombeza. Nilisikia pia majirani. Jioni moja nilikuwa nachambua maharagi, Mama Justine wa nyumba ya pili akaja kuomba moto kwa mwenzake.

"Umeona watoto wa Madame? Wamenona sawa vile paka ya padri."

"Kahindo iko na mukono."

"Na Odette?"

Nikasikia mmoja akipuliza moto. Kisha: "Odette iko na kaye."

Walicheka, bila ubaya wowote, kicheko cha watu wanaosubiri makala yashike. Mimi niliendelea kuchambua maharagi mpaka nikagundua kwamba natupa yaliyo mazima na kuhifadhi mabovu.

Mvua ziliporudi, alikuja Dokta Bahati na kartoni yake. Hakuwa dokta, alikuwa fundi wa mifugo tu, lakini alikuwa na pikipiki na mkoba, na kikundi chetu chote kilimheshimu. Shida yetu sote ilikuwa moja: watoto wa sungura wakiachishwa ziwa, tumbo linavimba, wanaharisha maji, na asubuhi unawakuta wamelala ubavu. Dokta Bahati alikuwa amenunua upande wa Uganda, kupitia Bunagana, sacheti za unga mweupe. Tulikaa kwenye mabenchi katika uwanja wa parsele yetu akatueleza.

"Hii si dawa ya kuua. Dawa ya kuua munajua, inaua wote. Mu tumbo ya sungura muko wakaaji, wadogo sana, hauwaone. Wengine wazuri, wengine wabaya, sawa vile mu parsele hii. Mutoto akiacha maziwa, nyumba zinabaki wazi, mubaya anaingia. Siye tunatuma wazuri wengi, wajaze nyumba zote. Mubaya akikuja, atalala wapi?"

"Na choo, Dokta?" Kahindo aliuliza. "Wote hao, choo iko ngapi?"

Benchi zote ziliangua kicheko, na Dokta Bahati alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilikuwa nimeandika kila neno lake, pamoja na mchoro wa tumbo, na nilikuwa na maswali matatu mazito niliyoyapanga kwa namba. Niliyauliza yote. Alijibu vizuri, kwa heshima, na macho yake yakarudi kwa Kahindo kuona kama atasema kingine.

Siku hiyo alitangaza jambo lingine. Ikifika Julai, angechagua kikundini mtu mmoja wa kukaa na kartoni ya sacheti na kwenda naye kwa pikipiki mtaa kwa mtaa, kufundisha wafugaji wengine. Angechagua kwa macho: yule ambaye watoto wake wataishi. Niliitaka kazi hiyo hadi nikaiota. Niliota nimesimama mbele ya mabenchi na kaye mkononi, na hakuna anayeniuliza nilisoma wapi.

Kila mmoja wetu alitumia unga ule kwa tabia yake. Mimi nilipima kwa kijiko cha dawa, nikakoroga katika maji ya Kituku yenye sindano mbili za kloro, nikayaacha usiku kucha yatulie ili unga uyeyuke kabisa, kisha nikamimina katika vyombo vilivyosuguliwa kwa javel. Kahindo hakupenda maji ya Kituku. "Inanuka lopitalo," alisema, yaani hospitali. Aliweka pipa chini ya bati, akakinga mvua, na unga wake aliukanda kwa kiganja katika pumba na maji hayo ya mvua, kama anayekanda mandazi, akawagawia sungura donge donge. Mkono wenyewe hakuunawa. Nilimtazama kutoka dirishani nikaona kinyaa, na katika kinyaa kile mlikuwa na furaha, kwa sababu nilijua kwamba mara hii, hatimaye, atakosea.

Watoto wake waliishi. Wangu waliendelea kufa. Si wote, lakini kila mzao ulinitoka nusu, na kila Jumamosi Dokta Bahati alipokuja, alifungua kaye yangu, akatikisa kichwa, akaandika "vizuri sana" chini ya orodha ya vifo, akaifunga, akaenda kuchuchumaa mbele ya mbao za kuokota. Nilisikia vicheko vyao kupitia ukuta. Niseme sasa mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi nyingine Kahindo akienda sokoni, nilikwenda kufunua vibanda vyake, nikitafuta mfu. Nilipokuta wote wazima, nilihisi kama nimeibiwa. Usiku tulikula pamoja katika sahani moja, fufu ya muhogo na sombe, yaani kisamvu, siku njema sambaza, na alikuwa na desturi ya kusukuma samaki wa upande wake kuja upande wangu bila kusema kitu. Nilimchukia kwa samaki wale. Mtu akikudhulumu unaweza kupumzika katika hasira yako, lakini Kahindo alininyima hata mahali pa kupumzikia.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa karibu kuisha, nilitumwa nyumbani kwa Dokta Bahati kuchukua sacheti. Mke wake aliniketisha mezani, akanipa chai. Chini ya termosi walikuwa wametandika kartoni tupu iliyopasuliwa, ili meza isiungue. Mimi husoma kila kilichoandikwa. Nasoma mifuko ya chumvi, nasoma makopo. Nilisogeza termosi nikasoma ubavu wa kartoni ile, sehemu ambayo hatukuwahi kuiona kwa sababu sisi tulipewa sacheti moja moja. Kulikuwa na picha ndogo ya bomba la maji lililopigwa alama nyekundu ya X, na chini yake maneno ya Kifaransa: usichanganye na maji yenye kloro, chembe hizi ni hai.

Ni hai. Dokta alikuwa amesema hivyo kwa njia yake, wakaaji, na mimi nikaandika, nikachora, nikapiga mstari, halafu kwa miezi yote hiyo nikawazamisha wakaaji hao katika sindano mbili za kloro na kuwaacha humo hadi asubuhi. Kila siku nilikuwa nawanywesha sungura wangu maiti. Nilirudisha termosi mahali pake juu ya picha. Mke wa Dokta akaniuliza kama chai ni ya moto mno, kwa kuwa machozi yalinitoka.

Ningeweza kusema pale pale. Dokta mwenyewe aliingia, akaketi, akaniuliza habari za vibanda. Lakini ningesemaje? Kwamba Odette wa kaye ndiye aliyeua watoto wake, kwa usafi? Aibu ilinifunga mdomo kwanza. Wivu ulikuja baadaye, ukapanda juu ya mgongo wa aibu, na tangu hapo sikuweza tena kuwatenganisha. Nilirudi nyumbani nikakinga mvua za mwisho katika kila bidoni niliyoweza kupata, nikazipanga chini ya kitanda, zimefungwa, nikashusha shuka hadi chini zisionekane.

Kisha jua likaja. Mwezi wa sita Goma haina mvua, kuna vumbi jeusi tu. Siku zile tulisikia kwamba waasi wameingia Bunagana na mpaka umefungwa. Watu wa Rutshuru walianza kufika na magodoro yao, na Dokta Bahati akasema sacheti zilizobaki tuzitunze kama mboni ya jicho. Pipa la Kahindo lilikauka. Nilimwona akirudi kutoka Kituku na bidoni. Alimwaga maji katika beseni, akakunja pua, akaingiza unga wake, akaanza kukanda. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Harufu ya kloro ilinifikia mpaka kooni. Nilikuwa na maneno yote tayari, mepesi kabisa: Kahindo, acha, tumia ya kwangu, iko chini ya kitanda. Nikainama nikaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa.

Siku ya tatu watoto wake wawili waliharisha. Siku ya tano walikufa wanne. Alikuja mlangoni kwangu na mmoja mkononi, mlegevu, nyuma yake kumelowana.

"Odette, weye unasomaka. Ni nini hii?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa sauti ile. Mwaka mzima nilingoja mtu aje mlangoni kwangu aseme, weye unasomaka. Nilifungua kaye, nikapekua kurasa, kana kwamba jibu liko humo. Nikasema, "Labda ni majani. Majani ya huku yamechafuka na vumbi."

"Majani," alirudia. "Ndjo vile. Aksanti, dada yangu."

Kuanzia kesho yake Kahindo aliamka mapema akapanda hadi Kanyaruchinya kutafuta majani safi, akitembea kinyume cha watu waliokuwa wanashuka wakikimbia vita. Alirudi saa sita na mzigo kichwani, amekauka midomo, akawagawia sungura majani mazuri kuliko ya mtu yeyote Mabanga, na donge la pumba lenye kloro. Mama Justine alimgombeza: "Weye, batu wanashuka, weye unapanda? Unatafuta risasi?" Akajibu, "Odette amesema ni majani." Nililisikia jina langu kupitia mbao. Siku tisa nilikaa kimya. Nimezihesabu mara nyingi, nikitumaini nitakuta nane. Siku ya tisa watoto wake wote walikuwa wamekwisha, amebaki Madame peke yake, kwa kuwa wakubwa hustahimili.

Wangu, kwa maji ya chini ya kitanda, waliishi. Haki inanidai niseme kwamba leo najua zaidi kuliko nilivyojua siku ile. Unga ule haukuwa muujiza. Sungura hufa kwa majani mabichi mno, kwa baridi, kwa hofu, kwa kuhamishwa, na pengine hata kwa maji ya mvua angepoteza baadhi. Sitajua kamwe. Lakini hilo halinipunguzii mzigo. Mimi niliamini kwamba najua, na kwa imani hiyo nilikaa kimya.

Julai Dokta Bahati alikuja, akatazama vibanda vyake vitupu, akatazama vyangu. Mbele ya mabenchi yote akasema, "Kahindo ana mkono. Lakini mkono unachoka. Kaye haichoki." Watu walinipigia makofi. Kahindo alipiga kuliko wote. Nikakabidhiwa kartoni, na ndani yake mlikuwa na sacheti mbili. Nyingine, Dokta alisema, zitakuja Bunagana ikifunguliwa. Nilikuwa nimeshinda sanduku tupu.

Wiki mbili baadaye Kahindo alifunga kitenge chake na sufuria yake kwenda kwa ndugu zake Butembo, kabla barabara haijafungwa. Asubuhi ya kuondoka aliingia chumbani mwangu akamweka Madame kitandani.

"Baki naye."

"Kahindo, huyu ni wako. Ulimtoa motoni."

"Mukono yangu ilikufa," alisema, akiutazama kweli, kiganja juu, kama mtu anayeangalia chombo kilichovunjika. "Nyumba ilienda, nikasema sawa, ni mulima. Lakini hawa niliwashika mimi mwenyewe. Baki naye. Weye utamuchunga vizuri."

Sungura wote nilio nao leo ni uzao wa Madame. Sacheti hazikurudi kwa muda mrefu, kwa hiyo nilijifunza mwenyewe kutumia mashanza, maziwa yetu ya mgando: nachukua maji yake ya juu, nayakanda katika pumba kwa maji ya mvua, donge donge, kwa kiganja. Watu huja kutoka Himbi na Ndosho kuniuliza nilijifunza wapi. Nawaambia, nilijifunza mwenyewe.

Jumanne aliingia saa tano, amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi pembeni. Tulikumbatiana. Alikunywa chai akasema tangawizi ni kidogo. Alisimulia habari za Butembo, duka lake la vitambaa, mume, watoto. Nikamuuliza kama anafuga. Akacheka: "Mimi? Toka siku ile hata kuku sijashika. Mukono yangu ilikufa, unakumbuka."

Nikasema yote. Hayakuwa maneno yale mazuri ya kichwani. Yalitoka yamevunjika, termosi, bomba lenye alama nyekundu, bidoni chini ya kitanda, majani. Alisikiliza akiwa amekamata kikombe kwa mikono miwili. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuniambia amenisamehe, na sikuthubutu kuomba. Aliweka kikombe chini, akainuka, akatoka nyuma kwenye vibanda. Nikamfuata. Alipita mmoja baada ya mwingine bila kusema, akasimama mbele ya jike mmoja mchanga wa kijivu, mkali sana, aliyenikwaruza mikono yote miwili na ambaye sijawahi kumshika bila glavu. Akafungua mlango wa kibanda. Akaingiza mkono.

"Huyu ninaenda naye," alisema. Hakuwa ananiuliza.

Alilegeza kitenge, akamweka kifuani, akafunga. Masikio mawili yalibaki nje. Sungura yule hakurusha hata mguu mmoja; alifumba macho. Nilimsindikiza hadi mlango wa parsele, nikamtazama akishuka barabara ya mawe, watu wakimpisha kama mwenye mtoto. Na pale niliposimama, mikono yangu ikiwa na mikwaruzo, nikijua yote niliyomtendea na kwamba amebeba kidogo tu kati ya vile ninavyodaiwa, Mungu anisamehe, niliona wivu.